Miti ya Njia ya Bomani

Ukipita leo katika mji ule mdogo wa nyanda za juu za kaskazini ambako nilifanya kazi sehemu kubwa ya maisha yangu, utaikuta njia itokayo Bomani hadi lango la shule ya mazoezi iko wazi, inapigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Mgeni hawezi kujua kwamba njia hiyo iliwahi kuwa na kivuli kizito, hata watoto wa darasa la kwanza wakawa wanaiogopa saa za magharibi. Kulikuwa na misaiprasi 34, kumi na saba kila upande, imesimama kama askari wa gwaride.

Niliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1969, nilipofika pale na sanduku langu la bati kuanza masomo ya ualimu. Wakati huo tayari ilikuwa mirefu kuliko paa la ukumbi wa chuo. Nani aliipanda? Wengine walisema Wajerumani, wengine Waingereza, na mzee mmoja wa sokoni aliapa kwamba aliikuta ipo alipozaliwa, jambo ambalo sikuliamini hata siku moja. Watoto waliiita miti ya Krismasi, kwa sababu kila Desemba matawi yake yalikatwa kupambia makanisa. Niliporudi mwaka 1978, safari hii nikiwa Mwalimu Mkuu wa shule ya mazoezi ya chuo kile kile, niliikagua kama mtu anayekagua mifugo aliyorithi. Nilijivuna nayo. Wageni kutoka wizarani walipoisifu, niliitikia kana kwamba nimeipanda mimi.

Miti ile ilikufa mikononi mwangu. Nimekaa na habari hii miaka mingi bila kuiandika, na kabla sijafika kwenye sehemu yangu mimi, yafaa nieleze kwanza miti yenyewe ilitoka wapi na ugonjwa wake ulitoka wapi, maana nilikuja kuyasoma hayo baadaye, polepole, na kila nilichosoma kilinichoma.

Jina lake la kitaalamu ni Cupressus macrocarpa. Kwao ni pwani ya California, nchini Marekani, karibu na mji wa Monterey, na hata huko kwao haukuwa mti wa kuenea. Vichaka vyake vya asili ni viwili tu, kimoja mahali paitwapo Cypress Point na kingine Point Lobos, kwenye majabali yanayopigwa na upepo wa bahari. Kuna baridi kule, na sehemu kubwa ya kiangazi ukungu hutoka baharini na kuifunika miti hiyo. Lugha yetu hulitumia neno ukungu kwa mambo mawili: ule mvuke mweupe wa asubuhi, na ule uozo unaoota juu ya mkate wa juzi. Msaiprasi wa Monterey uliishi salama ndani ya ukungu wa kwanza kwa karne zisizohesabika, ukaja kuuawa na ukungu wa pili baada ya kutolewa kwao.

Waliotoa mbegu zake kule walikuwa wapenda bustani wa karne ya 19. Mti unaota haraka, mbegu zake hazina matata, na ukiukata ubavuni unafunga majani kama ukuta. Basi ukapelekwa Uingereza, Australia, New Zealand, Afrika Kusini, na mwishowe huku kwetu. Nchini Kenya, Idara ya Misitu ilianza mapema katika karne ya 20 kupanda miti ya kigeni, kwanza ile ya kuni za kuendeshea treni za reli ya Uganda, kisha ile ya mbao, kwa kuwa mtarakwa na miti mingine yetu ya asili hukua kwa mwendo wa kinyonga. Kutoka kwenye mashamba ya serikali, msaiprasi uliingia mijini. Ukawa ua wa nyumba za maofisa, wa misheni, wa makaburi, wa shule. Ukipanda gari toka Nairobi hadi Arusha miaka ya utoto wangu, ungeweza kuijua nyumba ya bwana mkubwa kwa ua wake kabla hujaiona nyumba yenyewe.

Mwaka 1928 mtaalamu wa magonjwa ya miti, Willis Wagener, alitangaza kwamba misaiprasi huko California inakufa kwa ugonjwa wa madonda. Jambo lenyewe lilikuwa la ajabu. Iliyokuwa ikifa ni ile iliyopandwa bara, kwenye mitaa na bustani za miji yenye joto kuliko pwani. Ile ya vichaka vya asili, pale penye majabali na ukungu wa bahari, ilibaki karibu salama kabisa. Mti ule ule, nchi ile ile, umehamishwa mwendo wa saa chache tu kwa gari, ukawa mgonjwa. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha habari nzima ya miti ya kigeni mijini: tunaihamisha miti tukidhani tunahamisha shina na majani tu, kumbe hewa yake na baridi yake tumeziacha kule.

Ugonjwa wenyewe huletwa na kuvu. Wataalamu leo huiita Seiridium, na ziko aina zaidi ya moja. Kuvu hii si jambazi wa kuvunja mlango. Gome zima lisilo na ufa huishinda. Hungoja jeraha. Wadudu wakitoboa, upepo ukipasua, mvua ya mawe ikichubua, au mtu akikata tawi, vijimbegu vyake visivyoonekana kwa macho huingia pale. Matone ya mvua huvirusha kutoka tawi hadi tawi, na chuma chenye majimaji huvibeba kutoka mti hadi mti. Chini ya gome, ile ngozi laini inayofanya mti unenepe hufa, gome linadidimia, linapasuka, na utomvu unatiririka kama machozi. Donda likizunguka tawi lote, kila kilicho juu yake hukauka. Ndiyo sababu mtu wa kawaida huona kwanza ncha moja nyekundunyekundu katikati ya majani ya kijani, akadhani ni kiu.

Kutoka California ugonjwa uliwafuata watu walikopeleka miti. Ulionekana New Zealand mwaka 1933, Ufaransa mwaka 1944, na mwaka 1951 ukaingia Florence, Italia. Huko Italia ulikuta msaiprasi wa aina nyingine, ule mwembamba unaosimama kama mkuki, ambao kila picha ya milima ya Toscana unao. Hata huo si mzaliwa wa Italia. Uliletwa zamani sana na watu wa kale kutoka upande wa mashariki ya Mediterania, lakini miaka elfu mbili na zaidi ikausahaulisha ugeni wake. Ugonjwa haukusahau. Iko njia moja maarufu, ile ya Bolgheri, yenye urefu wa karibu kilomita 5, imepangwa misaiprasi pande zote mbili, na mshairi wao Giosuè Carducci aliifanya ijulikane kwa kila mtoto wa shule wa nchi hiyo. Wataalamu wa Florence walitafuta miti michache iliyokuwa ikiponya madonda yake yenyewe, wakaizalisha kwa vikonyo, na mmoja wa uzao huo wakaupa jina la Bolgheri. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Wenzetu walikuwa na njia yao, wakaitafutia dawa kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa na yangu ya hatua mia tatu.

Si misaiprasi peke yake iliyosafiri na wauaji wake. Mwaka 1652 Jan van Riebeeck na Waholanzi wa Kampuni ya Mashariki ya India walilima bustani Cape Town ya kuwapatia mabaharia mboga na matunda, wakaleta na miti ya Ulaya. Karne tatu na nusu baadaye, miti ndani ya bustani ile ile, sasa katikati ya jiji, ikawa inaoza mizizi. Mwaka 2001 wataalamu wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya kupima chembe za urithi za kuvu iliyokuwa ikiiua, wakaikuta ni Armillaria ya Ulaya. Kwa hesabu yao, yaelekea ilishuka na wakoloni wa kwanza, ndani ya udongo wa miche yao, ikaishi chini ya ardhi muda wote huo. Watawala walibadilika mara ngapi juu yake!

Sasa nirudi Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, misaiprasi ya macrocarpa nchini Kenya ilianza kufa kwa wingi, kwa kuvu iliyoitwa siku hizo Monochaetia unicornis, ambayo leo inahesabiwa katika ukoo huo huo wa Seiridium. Mtaalamu Rudd Jones aliichunguza na kuandika habari zake miaka hiyo ya 1950. Uamuzi uliofikiwa haukuwa wa dawa, bali wa kuacha. Macrocarpa ukaachwa, ukapandwa badala yake msaiprasi wa Mexico, lusitanica, ambao nao huugua lakini mara nyingi donda lake hufunga. (Jina lusitanica maana yake ni wa Ureno. Mtu aliyeupa jina aliukuta umepandwa Ureno, akadhani asili yake ni Goa. Hata wataalamu hudanganywa na mti uliokaa ugenini muda mrefu.) Msindano wa radiata, nao mzaliwa wa pwani hiyo hiyo ya California, ulipatwa na kuvu ya majani mwishoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika na mwaka 1960 Kenya, ukaachwa vivyo hivyo.

Lakini serikali huacha kupanda. Haiendi kung'oa kila ua wa kila mji. Macrocarpa ya zamani ilibaki imesimama hapa na pale, kwenye makanisa, kwenye boma, kwenye njia kama ile yetu, ikisubiri bahati mbaya.

Bahati mbaya ilikuwa mimi. Mwezi Aprili 1981 tuliarifiwa kwamba kiongozi mmoja angetutembelea mwezi uliofuata. Matawi ya chini ya miti yalikuwa yamezagaa, yanakwaruza magari. Niliagiza yakatwe yote, miti 34, ndani ya juma moja, na njia ipakwe chokaa. Mtunza bustani wetu, mzee aliyekuwa kibarua pale tangu kabla ya Uhuru, alinifuata ofisini akavua kofia.

"Mwalimu," alisema, "miti hii haikatwi masika. Tungoje kiangazi."

Nilimuuliza sababu. Akasema ndivyo alivyofundishwa alipokuwa kibarua upande wa Limuru, katika kitalu cha miti, enzi za Mwingereza. Ukikata wakati wa mvua mti unaoza, na panga lililokata mti mgonjwa lisiguse mwingine mpaka lipitishwe motoni. Nami nilicheka. Sikumcheka kwa ubaya, lakini nilicheka. Nilimwambia, "Mzee, mgeni hatangoja kiangazi." Wakakata kwa mapanga, yeye na vijana watatu, mvua inanyesha, matawi yakivutwa chini ya miti mizima hadi jalalani. Mgeni alikuja, akapita ndani ya gari dakika moja, akatazama upande mwingine.

Mwaka 1982 ncha za miti mitatu zilikuwa nyekundu. Kufikia katikati ya 1983 miti kumi na moja ilikuwa imekufa na mingine ilikuwa njiani. Sasa ndipo ulipoanza uvumi. Vibarua walikuwa wamecheleweshewa malipo miezi miwili mwaka ule, na mzee alikuwa amelalamika waziwazi. Mtu mmoja akasema amemwona jioni akimwaga kitu kwenye mashina. Mwingine akasema ni chumvi. Wa tatu akasema ni mafuta ya taa. Kamati ya shule ikanitaka nitoe maelezo, na mimi, badala ya kukumbuka mwezi Aprili na kofia mkononi, niliandika barua. Ninaikumbuka neno kwa neno. Niliandika kwamba mtunza bustani ameonyesha uzembe, na kwamba kuna shaka ya hujuma. Hakujua kusoma. Nilimsomea mwenyewe, mbele ya kamati. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hujuma ni nini?" Mjumbe mmoja akamweleza. Akaondoka siku ile ile bila kudai chochote, na kwa kuwa alikuwa kibarua, sheria haikumpa chochote.

Miti iliendelea kufa bila yeye.

Mwaka 1984 wilaya ilipata bwana misitu mpya, kijana aliyesomea Olmotonyi, mnyenyekevu sana. Nilimwita aje aniambie kama miti iliyobaki yaweza kuokolewa. Alichuma majani akayafikicha kiganjani, akanipa ninuse: harufu kama ya limau. "Hii ni macrocarpa, Mwalimu, ile ya zamani. Sikujua kama bado ipo." Kisha akatoa kisu, akabandua gome pale penye utomvu. Ndani palikuwa pa kahawia, pamekauka, na mpaka kati ya kahawia na nyeupe ulionekana wazi kama mpaka wa nchi kwenye ramani. Alipanda ngazi mti baada ya mti. Katika miti tisa kati ya kumi aliyoitazama, donda la chini kabisa lilianzia kwenye kovu la tawi lililokatwa. Alishuka akafuta kisu chake kwa kitambaa chenye spiriti, akaniuliza kwa heshima zote, "Shikamoo yako Mwalimu, ilipogolewa lini hii, na kwa kitu gani?"

Sikumjibu mara moja. Nilimwambia twende ofisini tunywe chai.

Alinieleza kwamba hakuna dawa ya kuiponya miti ile. Ni kuikata yote, matawi na magome yachomwe papo hapo, na mahali pake pasipandwe msaiprasi. Mbao za ndani zafaa, alisema, mradi zimenyofolewa gome. Nikamuuliza kama chumvi au mafuta ya taa vingeweza kufanya madonda ya namna ile juu kwenye matawi. Alitabasamu, akadhani ninamjaribu kama mwanafunzi.

Jumamosi iliyofuata nilishuka kwa miguu hadi kijijini kwa mzee. Alikuwa akiishi kwa binti yake. Nilipewa kigoda, nikapewa mbege, nikaishika tu. Nilimweleza yote niliyoambiwa na bwana misitu, tangu harufu ya limau hadi kovu la panga, na nikamwambia kwamba kazi yake ipo, arudi hata Jumatatu. Alikaa kimya muda mrefu. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake sikuweza kuyatazama.

"Ile barua bado ipo?" mzee aliuliza.

Nikamwambia ipo, ndani ya faili.

"Itoe."

Nikamweleza kwamba barua ya kamati haitolewi kwenye faili, ndivyo utaratibu wa ofisi ulivyo. Aliitafakari hiyo.

"Basi andika nyingine, Mwalimu. Uiweke juu yake. Na uisome mbele ya wale wale. Kazi sirudi."

Niliandika. Iliniwia vigumu kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika, ingawa haikujaza nusu ukurasa. Nilitaja mwezi, nilitaja mapanga, nilitaja kwamba nilionywa na nani na nikajibu nini. Wajumbe wawili walinishauri niondoe sentensi hiyo ya mwisho kwa heshima ya cheo. Sikuiondoa. Mzee alikuja siku ya kikao amevaa koti, akaketi karibu na mlango, nikasoma. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa mwenyekiti aliyesema ajenda inayofuata.

Kuhusu ua mpya tuliopanda upande wa uwanja, nieleze kwa kifupi. Sikumtii bwana misitu sawasawa; nilipanda lusitanica, mbali kidogo na njia. Ukastawi miaka michache. Kisha akaja chawa wa misaiprasi, mdudu mdogo wa kufyonza, aliyeonekana Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990, akakausha nyua za miji mingi, na wetu pia. Huyo si kuvu, na watu wengi huchanganya misiba hiyo miwili. Mwaka 1994 Malawi waliachia nyigu wadogo wanaomshambulia chawa huyo, na nyua nyingi zikapata nafuu. Wetu ulikuwa umekwisha.

Miti ya njia ya Bomani tuliikata Agosti 1984, wakati wa ukavu, kwa msumeno. Mzee alikuja siku ya tatu na mkokoteni wa kuazima, akaniuliza kama anaweza kupata gogo moja la benchi. Nikamwambia achague. Alizunguka visiki vyote, akachagua gogo la mti wa nne kutoka langoni, upande wa kulia. Vijana walitaka kumsaidia kulipakia, akawazuia. Aliketi chini, akalibandua gome lote kwa shoka, polepole, akakusanya kila kipande hadi vile vidogo vya kuokota kwa vidole, akaviwasha moto pale pale njiani. Alingoja mpaka moto ukafa. Kisha akalipitisha shoka lake juu ya makaa, upande huu na upande huu, ndipo akawaita vijana waje kupakia.